Pambo, Kiburi na Jicho la Jirani: Adabu ya Mavazi Mjini Kindu

Uislamu na Ukristo, dini mbili zinazoishi jirani mjini Kindu, zote zinasimulia kwamba binadamu wa kwanza, mara baada ya kukosa, walijitambua kuwa wako uchi na wakajifunika kwa majani ya bustani. Tangu hapo mavazi yamebeba kazi mbili ambazo wanazuoni huzitenganisha: sitara, yaani kuufunika mwili kwa kadiri inayolinda heshima, na pambo, yaani kile kinachoongezwa juu ya sitara ili mwili upendeze machoni. Kuhusu sitara mafundisho ni mengi na mabishano yake yanajulikana. Ugumu uko katika pambo, kwa sababu mtu hawezi kujitazama akipita njiani. Anajipamba kwa ajili ya jicho lisilo lake, na hapo ndipo linapozuka swali linalostahili kuulizwa kwa uzito katika mji ambao wengi wa wakazi wake hutafuta chakula cha siku kwa siku: je, kuvaa vizuri mbele ya jirani asiyeweza kuvaa hivyo ni kumheshimu au ni kumdharau?

Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unakaa kando ya mto Lualaba, komini za Kasuku na Mikelenge zikiwa ukingo wa magharibi na Alunguli ng'ambo ya pili. Nguo hazifiki hapo kwa urahisi. Nyingine huja kwa ndege, nyingine kwa reli ya kusini inayopitia Kabalo na Kongolo wakati treni inapotembea, nyingine kwa boti za mbao zinazopanda mto kutoka Ubundu kwa zaidi ya kilomita 300, na kila anayebeba, anayepakia na anayetoza njiani huongeza chake juu ya bei. Kikwembe, yaani kitambaa cha nta chenye michoro ambacho wanawake hufunga na kushonesha, kikishafika dukani kimekwisha kulipiwa mara nyingi. Na baada ya kununuliwa, kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa maana kanzu nyeupe inayoonekana imenyooka siku ya Ijumaa, au shati la Jumapili lisilo na doa katika mitaa ya vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, limegharimu maji yaliyochotwa, sabuni, makaa ya pasi na saa nzima za mtu, ambaye mara nyingi ni mwanamke asiyetajwa. Mgeni anayeuona usafi huo na kuuita majivuno ya maskini hajauona vizuri. Usafi wa nguo mahali penye vumbi ni kazi ya maadili kabla haujawa suala la uzuri, kwani mwenye nguo hiyo amejitaabisha ili anayekutana naye asikutane na uchafu wake.

Historia nayo inakataza hukumu za haraka. Katika karne ya 19 nguo ilikuwa fedha katika sehemu hizi. Kabla ya vitambaa vya pamba kuja, watu wa Maniema walisuka nguo za ukindu wa mwale, wakizivaa na pia kuzibadilishana kwa bidhaa. Kisha misafara kutoka Unguja na Tabora ikaleta merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichopewa jina la nchi kilikotoka, pamoja na kaniki, kitambaa cha buluu iliyokolea kutoka Uhindi. Wapagazi walilipwa kwa nguo, watawala walipewa hongo kwa nguo, na pembe za ndovu zilinunuliwa kwa nguo. Nyangwe na Kasongo, miji iliyo kusini ya Kindu, ilikuwa vituo vikubwa vya biashara hiyo, na huko Kasongo aliweka makao yake Hamed bin Muhammad el Murjebi, anayefahamika zaidi kwa jina la Tippu Tip. Vita vya 1892 hadi 1894 viliikabidhi nchi kwa dola ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Biashara ile ilikuwa pia biashara ya watu. Wengi walikamatwa Maniema na kupelekwa pwani, na wengine waliobaki walijiunga na wafanyabiashara, wakasilimu, wakavaa kanzu, wakajiita Wangwana, yaani watu huru. Lugha ya Kingwana inayozungumzwa hadi leo katika jimbo hilo inalibeba jina lao.

Kwa hiyo nguo, kwa mababu wa watu hawa, ilikuwa cheti cha hali ya mtu. Unguja, mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya waungwana, na vazi lake lilikuwa merikani au kaniki isiyo na pambo lolote. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria kisiwani humo mwaka 1897, waliokuwa watumwa, Wamanyema, yaani watu wa Maniema, wakiwa miongoni mwao, walifanya haraka kujivika kile walichonyimwa: wanaume kofia na kanzu, wanawake kanga zenye rangi na baadaye buibui. Mtu anayesoma habari hiyo hawezi kusema kwa moyo mtulivu kwamba pambo ni upuuzi. Kwa mwanamke ambaye jana alihesabiwa kama mali, leso ya kichwani ilikuwa tamko kwamba yeye ni nafsi, kwamba ana uso wa kutazamwa na jina la kuitwa. Ikiwa hilo ni kiburi, basi ni kiburi ambacho Mungu wa haki hakosi kukielewa.

Lakini Maniema ina pia mapokeo mengine ya mavazi, ambayo hayakutoka pwani wala Ulaya, na ambayo yanastahili kutajwa zaidi kuliko yanavyotajwa katika mahubiri. Walega, ambao katika jimbo hili wanaishi hasa wilayani Pangi, walikuwa na chama cha bwami, yaani mfumo wa madaraja ya mafunzo ya maadili ambao mtu aliupanda kidogo kidogo maisha yake yote, daraja la juu kabisa likiwa kindi. Kila daraja lilikuwa na kofia yake. Kofia hizo zilishonewa simbi, na watu wa daraja la kindi waliweka juu yake unywele wa mkia wa tembo. Vifungo vya mashati ya Kizungu vilipoanza kupatikana, mafundi walivishona mahali pa simbi bila kuona kwamba kofia imepoteza maana, jambo linaloonyesha kwamba mapokeo hayakuwa adui wa vitu vipya. Ni kweli kwamba kupanda daraja kulihitaji mali nyingi za kugawa na jamaa wa kumsaidia mtu kuzikusanya. Hata hivyo mali peke yake haikutosha. Mwanafunzi alionyeshwa vitu vidogo vya pembe, mti na ngozi huku walimu wakicheza na kutamka methali zilizofafanua mwenendo wa mtu mwema na aibu ya mtu mchoyo, mgomvi au mzinzi, na aliyepokea kofia bila kuishi mafunzo yake alijulikana na kusemwa. Wanawake nao walikuwa na madaraja yao, yaliyofungamana na ya waume zao. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipiga marufuku bwami mwaka 1948, ikiogopa nguvu yake. Fikra iliyokuwamo ndani ya zile kofia ni nzito: pambo ni ahadi inayoonekana, na kila anayeiona ana haki ya kumdai aliyeivaa.

Fikra hiyo haiko mbali na ya Uislamu. Katika sura ya Al-A'raf, baada ya habari ya Adamu, Qur'ani inawaambia wanadamu kwamba wamepewa mavazi ya kusitiri na mavazi ya pambo, kisha inaweka juu ya yote mavazi ya uchamungu. Aya chache mbele inawaamuru wachukue pambo lao kila waendapo kusali, inakataza israfu, yaani kuvuka kiasi, na inauliza ni nani aliyeharamisha pambo ambalo Mungu amewatolea waja wake. Katika hadithi iliyo ndani ya Sahihi ya Muslim, Mtume alipoonya kwamba mwenye chembe ya kibri moyoni haingii Peponi, mtu mmoja alitaka kujua hali ya yule apendaye nguo na viatu vyake viwe vizuri. Jibu alilopewa lilisema kwamba Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na likafasiri kibri kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Fasiri hii inahamisha shtaka kutoka kabatini hadi kwenye uhusiano wa mtu na mtu: kanzu ya darizi haina hatia, na kanzu iliyochakaa haina utakatifu, kwani mtu anaweza kuwadharau wenzake akiwa amevaa viraka. Imamu Malik bin Anas wa Madina, aliyefariki mwaka 795, alikuwa akioga, akijitia manukato na kuvaa nguo zake bora kabla ya kukaa kufundisha hadithi, na hakuna aliyeona kwamba kwa kufanya hivyo anajitukuza, maana aliyetukuzwa alikuwa Mtume ambaye maneno yake yangesomwa. Upande wa pili, wanazuoni wamekemea vazi la umaarufu, yaani vazi linalovaliwa ili macho yote yageuke, na baadhi yao waliingiza humo hata vazi la unyonge linalovaliwa ili watu waseme mvaaji ni mtawa.

Ukristo unalitazama jambo hilo hilo kutoka kwenye mlango wa kanisa. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unaeleza kusanyiko ambamo anaingia mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi ya fahari, kisha anaingia maskini mwenye nguo chafu. Wa kwanza anapewa kiti kizuri, wa pili anaambiwa asimame au akae chini. Yakobo hamlaumu mwenye pete. Anawalaumu waliogawa viti. Hili ni la kushangaza kidogo, kwa sababu mahubiri mengi juu ya mavazi, misikitini na makanisani, humshambulia anayevaa, hasa akiwa msichana, na kumwacha salama yule anayetazama na kupima. Ukweli ni kwamba kosa la mavazi hutendwa na wengi: na mwenye duka, na mkaribishaji anayemfuata mwenye suti hadi safu ya mbele, na jamaa wanaonong'ona. Anayevaa ni mmoja tu kati yao.

Mwanafalsafa Mjerumani Georg Simmel, aliyeandika juu ya fasheni mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza kwamba fasheni huishi kwa haja mbili zinazovutana, ya kufanana na wenzako na ya kutofautiana na wengine. Tabaka la chini linapoifikia, tabaka la juu huiacha na kutafuta nyingine. Kongo imeyaona yote mawili kwa ukubwa usio wa kawaida. Rais Mobutu, katika siasa yake ya uhalisi iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikataza suti na tai kwa wanaume, akaleta abakosti, koti lililofungwa hadi shingoni bila tai, na akawataka wanawake waache suruali na mawigi wavae vikwembe. Kusudi lililotangazwa, la kuuvua utumwa wa Ulaya, lilikuwa na haki ndani yake. Lakini vazi lililoamriwa na dola haliwezi kuwa tamko la nafsi, na haikuchukua muda kabla abakosti ya kitambaa ghali haijawa alama ya mkubwa wa chama. Tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba ile ile iliyofungua mlango wa vyama vingi, Mobutu aliruhusu tai zirudi. Kwamba uhuru wa siasa na uhuru wa shingo ulitangazwa pamoja ni ushahidi wa jinsi nguo ilivyokuwa imefungamana na mamlaka.

Katika miaka hiyo hiyo ya abakosti vijana wa Kinshasa na Brazzaville walijibu kwa Sape, chama cha watu wa starehe na umaridadi, waliotafuta suti na viatu vya wabunifu wa Paris na Tokyo hata kama hawakuwa na kodi ya nyumba. Papa Wemba aliyafanya mavazi hayo yajulikane kote Afrika kwa muziki wake, na Stervos Niarcos, mwingine wa viongozi wa Sape, alifika mahali pa kutangaza dini ya kitendi, yaani dini ya kitambaa. Wahubiri waliikemea kama ibada ya sanamu, na haki wanayo, kwa maana kitambaa hakimsikii anayekiomba. Lakini inafaa kuuliza ni kitu gani kijana wa wakati ule alikosa hata akakitafuta katika koti. Alikosa nchi iliyomtazama. Serikali haikumhesabu, kazi hakuipata, na pale alipotembea katikati ya barabara na suti ya rangi tatu, kwa dakika chache watu walisimama wakamwona. Dini ya kweli ingempa kuonwa huko bila kumdai suti, na hapo makanisa na misikiti ina hesabu ya kutoa.

Jambo linaloigusa Kindu kwa karibu zaidi, hata hivyo, ni kikwembe cha sare. Desturi imeenea Kongo nzima: arusi inapopangwa, matanga yanapowekwa, parokia inapoadhimisha mtakatifu wake, au tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, inapokaribia, mchoro mmoja huchaguliwa na wote wa kikundi hutakiwa kuununua, mara nyingi nusu ya kipande kizima cha yadi 6, kisha kila mmoja humwendea fundi wake. Asili ya desturi hiyo ni nzuri. Mwenye mume tajiri na mwenye kuuza sombe, yaani kisamvu, sokoni wanasimama safu moja wakiwa na maua yale yale kifuani. Jicho linalotafuta nani bora linakosa pa kushika. Sare ya shule za Kongo, nyeupe na buluu, ina hekima hiyo hiyo, na mahujaji wa Makka wanaijua kwa namna ya juu zaidi katika ihramu. Tena kitambaa cha pamoja ni kumbukumbu: mwanamke hufungua sanduku miaka mingi baadaye na kusoma ndani yake arusi, vifo na sikukuu za ukoo wake.

Lakini sasa usawa huo una ada ya kuingilia. Aliyeshindwa kununua haonekani tena kuwa maskini kati ya watu wenye nguo mbalimbali, jambo ambalo zamani lingepita bila kutambuliwa. Anaonekana peke yake, doa la rangi nyingine katika uwanja wa rangi moja, na kila anayemtazama anajua sababu. Wengi hawaji. Shangazi hakosi matanga ya ndugu yake kwa kukosa huzuni. Anakosa kwa sababu hakupata yadi tatu. Wengine hukopa, au huchukua fedha ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, iliyokusudiwa ada ya mtoto. Na kwa kuwa pamekuwapo madaraja ndani ya sare yenyewe, nta halisi ya Vlisco kutoka Helmond, Uholanzi, kwa wachache, na nakala ya China kwa wengi, hata ndani ya maua yale yale jicho limejifunza kutambua ugumu wa kitambaa na ukali wa rangi. Kiwanda cha Sotexki cha Kisangani kiliwahi kuchapa vikwembe karibu na hapa. Kuyumba kwake kumeiacha Maniema ikitegemea vitambaa vilivyosafiri mbali, na kwa hiyo bei isiyo mikononi mwake.

Wapo wanaoitetea sare ya lazima kwa mfano wa Injili ya Mathayo, sura ya 22, ambamo mfalme anamkuta mgeni asiye na vazi la arusi na kuamuru atupwe nje. Hoja hiyo inahitaji kujibiwa kwa uangalifu. Wageni wa karamu ile, kwa mujibu wa mfano wenyewe, walikusanywa njiani, wema kwa waovu, bila nafasi ya kwenda dukani, kwa hiyo haiyumkini kwamba kosa la yule mmoja lilikuwa umaskini. Augustino wa Hippo, akiufafanua katika mahubiri yake, alilisoma vazi la arusi kuwa ni upendo. Kwa usomaji huo aliyevaa kikwembe kipya na kumsukuma nyuma jamaa asiye nacho ndiye aliyekuja karamuni uchi, na mfano uliotumiwa kumfukuza maskini unamgeukia aliyeutumia. Mafundisho ya Kiislamu juu ya mazishi yanasema jambo hilo hilo kwa lugha ya kitambaa: sanda ni nyeupe, ya kiasi, na kupita kiasi ndani yake kunachukiza, awe aliyekufa ni mkuu wa mkoa au mpakuzi wa boti. Ni vigumu kuona kwa nini waombolezaji walazimike kugharimia kile ambacho maiti mwenyewe amesamehewa.

Mzigo huu, ni lazima isemwe wazi, umelalia mabega ya wanawake. Mume huja matangani na shati lolote jeupe na hakuna anayeuliza. Mwanamke huulizwa kitambaa, huulizwa mshono, huulizwa kama mtandio wake unatosha au kama suruali yake inafaa, na vijana wa siku hizi wanaotazama mitindo ya Kinshasa, Dubai na Lagos kwenye simu wanawaongezea mafundi wa Kindu kazi ya kushona kila wiki mkono wa namna mpya, ambao mwezi ujao picha zake zitaitwa za zamani. Hakuna dhambi katika mkono mpya wa gauni. Ufundi wa fundi ni kipaji, na msichana anayebuni pambo lake kwa yadi chache na akili nyingi anafanya kitu ambacho kinampendeza Mungu apendaye uzuri. Kinachopaswa kukemewa ni mahakama inayokaa juu yake, ambayo mahakimu wake hawajawahi kupiga pasi.

Njia ya kuirudisha sare kwenye kusudi lake ipo, na haihitaji amri ya serikali wala fatwa. Familia inaweza kutangaza rangi badala ya mchoro, ili kila mmoja aje na kitu cha buluu au cheupe alicho nacho. Kikundi kinaweza kuchagua leso ya kichwani peke yake. Na kamati inayoketi kuchagua kitambaa inaweza kuanza kwa kumtaja yule jamaa ambaye mfuko wake ni mwepesi kuliko wa wote, na kuifanya bei anayoiweza kuwa kikomo. Wazee watapinga kwamba hivyo marehemu anavunjiwa heshima na arusi inapungua. Pingamizi hilo si dogo, kwa sababu linatoka kwa watu ambao mababu wao waliwahi kutambuliwa kuwa huru au watumwa kwa kile walichovaa, na hofu ya kuonekana mtu wa chini bado iko hai. Lakini mapokeo ya bwami yalimdai mwenye kofia ukarimu, Yakobo aliwadai wenye viti, na hadithi iliiweka dharau mahali pa hatia. Kwa vipimo hivyo vitatu, ukoo ambao matanga yake yamejaa vitambaa visivyofanana, na shangazi yupo ndani, haujapungukiwa na kitu.